"Nitumie PDF nipitie"

Kitabu changu kina siku tatu tu tangu kitoke, na ujumbe ni ule ule: "Hongera sana! Nitumie basi PDF nipitie."

Inaniuma. Miaka miwili nimeamka saa kumi alfajiri, nikaandika hadi saa kumi na mbili, kisha kazini. Mhariri nimemlipa mimi. Msanifu wa jalada nimemlipa mara mbili, maana nilipoongeza sura moja dakika za mwisho kurasa ziliongezeka, mgongo wa kitabu ukanenepa kwa milimita 2, na jina langu likaegemea ukingoni. Ikabidi jalada lote lipimwe upya. ISBN nayo, ile namba ya kukitambulisha kitabu, tarakimu 13, toleo la karatasi lina yake na la kielektroniki lina yake. Yote hayo kutoka kwenye mshahara.

Na anayeomba bure si mgeni. Ni mwenzangu wa ofisini, aliyeniona nikisinzia kwenye vikao. Faili likishanitoka mkononi, jioni liko kwenye magrupu matano ya WhatsApp.

Bei ipo wazi. Nunua, ndugu yangu, au azima kwa aliyenunua.