Shangazi Alidhani Ameachika

Shangazi yangu anaishi wilaya moja ya Mkoa wa Singida, kule ambako alizeti inalimwa mpaka mlangoni pa choo. Alipochoka kuwauzia wachuuzi mbegu kwa bei ya kutupa, akaamua kukopa anunue mashine yake ya kukamua mafuta. Nyumba anayo, shamba analo, na hati ya hakimiliki ya kimila anayo, kaikunja ndani ya kitenge chini ya godoro. Benki wakaipokea vizuri tu, hadi afisa mikopo alipouliza kama ana mume.

"Nilikuwa naye. Tuliachana kitambo."

"Basi lete talaka, mama."

Hakuwa mkorofi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo ama mume asaini, ama uonyeshe kwamba mume hayupo tena. Hapo ndipo nilipopigiwa simu. Kwenye ukoo wetu ukishafika chuo, hata kama ulisomea ufugaji wa samaki, wewe ni wakili.

"Baba, wewe si umesoma? Nenda pale mahakamani wakupe talaka yangu."

"Ilikuwa mwaka gani, Shangazi?"

"Mwaka wa zile mvua za El Nino. Au uliofuata. Ila Mwalimu alikuwa bado hajafariki."

Haya, nina kipindi: mwishoni mwa 1997 mpaka Oktoba 1999. Namba ya shauri hana. Jina nalo lilikuwa mtihani, maana maisha yangu yote nimemjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nikampigia baba kumuuliza jina kamili la dada yake wa tumbo moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri nimuulize mwenyewe."

Mjini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba RITA, wale wakala wa usajili wa serikali, ndio wanaosajili talaka, lakini wao husajili kilichoamuliwa na mahakama. Huwezi kuwaendea mikono mitupu. Nikaanzia chini kabisa, mahakama ya mwanzo. Kulikuwa na mwembe, chini yake mabenchi, na kwenye mabenchi watu waliokuwa wanaonekana wamekaa hapo tangu asubuhi ya juzi. Karani akachungulia dirishani.

"Kijana, shida yako?"

"Nimefuata talaka."

Mwembe mzima ukanyamaza. Bibi mmoja akasogea, akanishika mkono.

"Watoto mnao?"

"Wawili, bibi, lakini..."

"Vumilia, baba. Hata wangu alikuwa hivyo hivyo, nikavumilia, mwisho akafa."

Nikajaribu kueleza kwamba talaka ni ya shangazi. Ikawa mbaya zaidi, maana bwana mmoja aliuliza kwa sauti shangazi anahusikaje na ndoa yangu. Mwingine alikwishasimama, simu sikioni, anaelekea barabarani. Sikujua kwamba yule ni binamu wa baba mkwe wangu. Kabla ya saa sita mchana mke wangu alinitumia ujumbe: "Nimesikia uko mahakamani. Ungeniambia tu." Ile nukta ya mwisho iliniogopesha kuliko maneno yenyewe.

Karani alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo kwa sababu ningekuwa mimi ningenifukuza. Akaniambia niandike barua ya kuomba nakala, nitaje majina ya wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, na mwaka. Nikaandika "kati ya 1997 na 1999". Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akafungua masjala.

Majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya katani, mafungu kwa mafungu, juu ya shelfu zilizopinda katikati. Jalada la juu lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni kwa ustadi hivi kwamba jina la mdai lilikuwepo na la mdaiwa halipo. Chini kulikuwa na baiskeli isiyo na tairi, majembe, redio kubwa na gunia lililojaa. Nikakaa kwenye gunia.

"Kaka, inuka hapo. Hicho ni kielelezo cha kesi."

Tukapekua daftari la mashauri, mstari kwa mstari. Madai ya mbuzi. Madai ya mbuzi. Matusi. Ndoa, ila si yenyewe. Madai ya mbuzi yule yule wa mwanzo, nadhani. Vumbi likanipandisha chafya hadi karani akaanza kusema "pole" mapema, kabla sijapiga. Halafu kidole chake kikasimama. Jina la shangazi hilo hapo, jina ambalo hata kaka yake alilisahau, kwa wino wa bluu uliofifia.

Jalada lilikuwa na karatasi chache. Ya mwisho ilisema kwa mwandiko wa hakimu kwamba mdai hajaleta hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, hivyo shauri linaondolewa mahakamani, na wadaawa warudi kwanza barazani.

"Hii maana yake nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kutokwa jasho.

"Maana yake hapakuwa na talaka," karani akasema. "Kifungu cha 101. Bila kupita baraza, labda uwe na sababu maalumu zilizotajwa, shauri la talaka halisikilizwi. Walitakiwa waje na Fomu Namba 3 ya baraza. Shangazi yako bado ana mume."

Nilimwambia Shangazi kwa simu, maana mbele ya macho yake nisingethubutu. Akabisha. Alikuwepo mwenyewe, alisikia kwa masikio yake hakimu akisema "limeondolewa", wakatoka, ndugu zake wakapiga vigelegele, wakachinja jogoo. Mume naye alisikia vile vile, akachukua baiskeli yake akahamia kijiji cha pili, akaoa, akazaa. Zaidi ya miaka ishirini watu wawili wameishi kwa amani kamili ya talaka isiyokuwepo.

Nani alimpelekea mzee, yule mume, habari hizo, mpaka leo hatujui, ila mimi namshuku yule bwana wa simu. Siku ya pili mzee akatokea uani amevaa koti, kabeba begi na redio. Akavuta kiti, akakaa kivulini.

"Mke wangu, chai iko wapi?"

Shangazi alikuwa anapepeta alizeti. Hakusimama.

"Iko pale pale ulipoiacha mwaka wa El Nino."

Mzee akaanza kutaja haki zake. Haki zilikuwa nyingi, na karibu zote zilikuwa za chakula. Wakati bado anahesabu, bodaboda ikaingia na mke wake mdogo. Tukajua leo panawaka. Yule mama akashuka, akamsalimia Shangazi kwa adabu, "Shikamoo dada," akatua mfuko wa nguo za mzee alizosahau.

"Dada, kaa naye tu mpaka tuvune. Na mimi nipumzike."

Ni mzee peke yake ambaye hakucheka.

Kurudi barazani, kusuluhishwa, kushindikana, kupewa fomu, kufungua shauri upya, yote hayo mashine ya alizeti isingeyasubiri. Shangazi akapiga hesabu akaona mume akiwa hai na kalamu mkononi ana faida kuliko talaka. Mzee akakubali kusaini ridhaa kwa masharti: dumu la lita tano la mafuta kila mwezi, mashudu ya ng'ombe wake, na nauli ya kurudi. Mke mdogo akapinga hilo la nauli ya kurudi.

Tukaenda benki wote wanne. Afisa mikopo akasoma fomu ya ridhaa, akalinganisha sahihi na kitambulisho, akatabasamu.

"Safi kabisa. Mume kasaini. Sasa naomba cheti cha ndoa, ili tujue kweli ni mume."

Walioana kimila. Ushahidi wa ndoa ile ulikuwa ng'ombe, na waliliwa zamani. Shangazi akanigeukia taratibu. Nikawahi kusema simu yangu haina chaji, ingawa hakuna aliyekuwa ametaja simu.