Magogo mtoni au ukuta wa zege? Tupige hesabu kwanza

Mafuriko yakipiga mji tu ubishi unaanza upya, huku wanataka ukuta ujengwe, huku wanasema achaneni na zege, nendeni juu kule mto unakoanzia mkapande miti na kuweka magogo kwenye vijito ili maji yashuke polepole. Mimi naegemea hawa wa pili ila wananikera, maana wanaiuza hii kitu kama vile inaweza kila mvua.

Mfano wao mkubwa ni Pickering, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Ulifurika 1999, 2000, 2002, halafu 2007 ukapigwa vibaya zaidi, na ukuta ulikuwa unataka mamilioni ya pauni ambayo kwa mji mdogo vile hayakupatikana. Ndo wakageukia miti na magogo. Sasa gogo lenyewe halizibi kijito, linalazwa juu kidogo ya maji ya kawaida, siku zote maji na samaki wanapita chini kama halipo vile, mvua ikizidi maji yanapanda, yanaligonga, yanamwagika pembeni na kukaa huko kwa muda. Desemba 2015 ilinyesha kama milimita 50 ndani ya masaa 36 na mji haukufurika, wataalam wakakadiria kilele cha maji kilishuka asilimia 15 hadi 20. Safi sana. Ila kinachorukwa kwenye stori ni kwamba karibu nusu ya hiyo faida ilitoka kwenye tuta kubwa la kuzuia maji, mita za ujazo 120,000, na tuta hilo ni kazi ya mainjinia, sio magogo.

Wa zege nao wasitambe. Mwezi huohuo dhoruba Desmond ilimwaga milimita 341.4 kwa masaa 24 pale Honister, milimani kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na Carlisle, mji wa ukanda huohuo wenye kuta zilizojengwa baada ya mafuriko ya 2005, maji yakapita juu ya kuta. Lakini kwa mvua ile magogo nayo yangefanya nini? Kidogo sana. Udongo ukishashiba haunywi tena, na vidimbwi nyuma ya magogo vikishajaa, kinachoingia ndicho kinachotoka. Kwenye bonde dogo na mvua ya wastani ushahidi upo, kwenye bonde kubwa na mvua ya ajabu ni mwembamba. Na ukichelewesha kijito kimoja bila kupima unaweza kukuta maji yake yanafika mjini saa ileile na ya kijito kingine, yani umeongeza tatizo.

Ishu inayonisumbua zaidi lakini ni ya mwenye shamba. Yeye ndo anaachia malisho yalowe, anayelala pakavu yuko mjini huko chini na hata hawajuani. Akilipwa mara moja wakati wa kupanda, miaka kumi baadaye gogo limeoza, mafuriko yanalibeba mpaka kwenye karavati na kuliziba, hapo kesi ni ya nani? Ukuta angalau una mwenyewe na bajeti ya matengenezo inajulikana (hata kama mara nyingi inakatwa).

Kwa hiyo hela iende juu mtoni, sawa, pamoja na tuta pale hesabu inapolihitaji. Ila ningekuwa mimi mwenye shamba, mkataba usiotaja nani anabadilisha gogo likioza na anayelipa ni nani, sisaini.