Ukimya pekee hauonyeshi upweke
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba filamu fupi za katuni huonyesha upweke vizuri kwa sababu wahusika wake hawasemi, yaani ukimya ndio unaofanya kazi yote. Sikubaliani naye. Tazameni La Maison en petits cubes ya Kunio Kato (2008), iliyotwaa Oscar ya filamu fupi ya katuni. Ni kweli mzee aliye mhusika mkuu hasemi neno, lakini kinachouma ni vitendo vyake. Maji yanapanda, anajenga chumba kipya juu ya kile kilichozama, kiko chake cha kuvutia tumbaku kinadondoka majini, naye anavaa nguo za kuzamia akifuate chini, ghorofa baada ya ghorofa, na kila anapofika anakumbuka maisha na familia yake. Mwishoni anamimina mvinyo kwenye glasi mbili, na yuko peke yake. Hata angeongea, upweke ungebaki palepale. Halafu makala haikugusa kabisa suala la muda. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazofuatana, na mchoraji ndiye anayeamua mhusika asubiri fremu ngapi kabla mwenzake hajageuka. Ucheleweshaji huo, hata wa nusu sekunde, anaujua vizuri mtu yeyote aliyewahi kutaka kuzungumza na mtu asijue aanzie wapi. Mimi zimeniumiza zaidi filamu ambazo wahusika wanasemezana mfululizo na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nyie wenzangu, ni ipi yenye mazungumzo mengi iliyowagusa hivyo?