Sikusema "Nakufa"

Najua mmeshaisikia. Rafiki yangu karekodi sauti ya dakika tatu, anadai siku ya msumeno nililia "nakufa", mbili kati ya hizo anacheka tu, na imefika mpaka kwa mashemeji zangu. Basi na mimi niacheni niseme langu, maana jamaa akitia chumvi hatumii kijiko, anamwaga gunia.

Msumeno wangu wa meza mnaujua. Ule wa chuma kitupu, mzito kama deni, diski ya inchi 12. Mota yake ya zamani iliungua koili mwezi jana, ikatoa harufu, ikanyamaza. Nikapata nyingine iliyofunguliwa kwenye pampu ya maji. Kibao chake kinasoma kilowati 2.2, fezi tatu. Ya zamani nayo kilowati 2.2, fezi tatu. Nikafunga mjadala. Mstari unaofuata, ule wa mizunguko kwa dakika, niliuona kama pambo.

Mota ile ilijaribu kunionya, tena kwa adabu. Kwanza ilikuwa mbilikimo: shafti yake, ule mhimili unaozunguka, imekaa chini kwa milimita 10 kuliko ya zamani, nikachomeka ubao wa milimita 10 chini ya miguu yake. Pili, shafti yenyewe ni milimita 24, na puli yangu, gurudumu la kuvishia mkanda, ilitobolewa kwa ajili ya 28, ikawa inacheza kama kiatu cha kuazima. Nikachonga bushi, kipete cha kuziba hiyo nafasi. Mwenye akili zake angejiuliza kwa nini mota mbili zenye nguvu sawa zina maumbo tofauti. Mimi nilikuwa naisifia bushi. (Ilitoka nzuri lakini. Hilo hata yeye hakatai.) Waya tatu nikazifunga jinsi zilivyokuja mkononi.

"Kaka, si tungeiwasha kwanza bila mkanda, tuone inazungukia wapi?" rafiki yangu akauliza.

Nikamjibu, mbele ya mteja, maneno ambayo sasa narudishiwa kila nipitapo: "Mdogo wangu, mota ni mota. Ikipata umeme inazunguka."

Na sikudanganya. Kuzunguka ilizunguka.

Nikamweka yeye upande wa pili wa meza apokee ubao. Mteja kasimama nyuma yake kidogo, mikono kifuani, aone kazi. Nikabonyeza kitufe.

Hapa twende polepole, msiniharakishe.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kawaida, vuuu. Halafu ikapanda. Nikawa nasubiri itulie pale masikio yangu yalipozoea, ikapapita bila hata salamu. Hesabu nimeipiga baadaye nikiwa nimekaa chini: mota ya zamani mizunguko 1,440, puli ya inchi 6 inaendesha ya inchi 3, diski inapata 2,880. Hii ya pampu yenyewe tu ni 2,880, na puli ni zilezile. Diski 5,760. Ubavuni mwa diski hiyo pameandikwa isizidi 4,500, maandishi ambayo nimeyafuta vumbi kwa mkono wangu sijui mara ngapi.

Mimi kelele ile nikaiona ni afya. Nikampazia mteja sauti, "Unaisikia nguvu hiyo?" Nikasukuma ubao.

Haukukatika. Ulilia. Diski ilikuwa inazunguka kinyume. Jino la msumeno lina uso na lina kisogo, uso ndio unaokata, na mimi nilikuwa nalisha kisogo. Ukatoka moshi mwembamba, wa buluu, na harufu ya mbao inayoungua. Kwa kawaida meno ya upande wako yanashuka, yanaukandamiza ubao mezani na kuurudisha kwako, ndiyo maana unausukuma. Haya yalikuwa yanapanda. Nikaona ncha ya ubao inanyanyuka taratibu, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, na mimi, jamani, badala ya kuzima nikaukandamiza mkia.

Hapo tumbo la mashine likatapika. Vumbi la mbao la miaka yote ambayo sikulisafisha, meno yalilichota huko chini, yakalipandisha kupitia upenyo wa meza, likanijia usoni lote kwa pamoja. Simwoni mteja, siuoni ubao, siioni mikono yangu, na mikono ndiyo niliyokuwa naihitaji kuiona kuliko vyote. Nikaachia. Ubao ukanyakuliwa kuelekea kwa mpokeaji wake. Ndani ya wingu lile nikasikia ubao unagonga ukuta, viatu vya mtu vinatimua mbio, na chini ya meza: ting.

Ile ting ni nati ya diski. Nyuzi zake zimechongwa ili ubao unapokinza, nati izidi kujikaza. Geuza mzunguko, ukinzani uleule unaifungua.

Ni kwenye ting hiyo ndipo nilipotamka hilo neno linalosambazwa. Nilisema "mama". Hiyo "nakufa" kaiongeza yeye, na wakati huo alishafika barabarani, sasa aliisikia kwa masikio ya nani?

Kitufe cha kuzima nilikipata kwa goti. Diski, ikiwa imelegea kwenye shafti, ikayumba, ikasugua meza, ikasimama.

Vumbi lilipotua, mteja alikuwa palepale, mikono bado kifuani, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Ubao ulimpita ubavuni. Akaniangalia kwa muda, akauliza kwa upole kabisa, "Ndivyo huwa?"

Hayo mengine ni mafupi. Hakuna aliyeumia. Diski nimeitupa. Fundi umeme alikuja akabadilisha nafasi za waya mbili kati ya zile tatu, mzunguko ukageuka, hata mkoba hakuuweka chini, na puli sasa zinalingana, inchi 4 kwa inchi 4. Mashine inakata, sauti ni ileile ya zamani. Nati haikunisumbua kuitafuta, kwa sababu tumbo la mashine halijawahi kuwa safi namna ile. Mteja kasema meza yake ikiwa tayari atatuma mtu.

Nimechora mshale kwa chaki kwenye kava la diski, kuonyesha izungukie wapi. Leo asubuhi nimekuta mshale wa pili pembeni yake, mwandiko naujua, unaelekea mlangoni. Chini yake kaandika: "Mama yuko huku."