Nguruwe Akigeuzwa Mradi, Nani Atammaliza?

Jumamosi iliyopita mwenye shamba mmoja wa mashariki mwa Texas alinionyesha mahindi yake. Mistari minne ilikuwa imefukuliwa na nguruwe mwitu usiku mmoja, mwanzo hadi mwisho, mbegu baada ya mbegu. Alisimama ameshika kiuno, sauti imemkauka, akaniambia ameshapanda mara mbili msimu huu. Nikamwomba aniruhusu nije usiku uleule na bunduki nimsaidie kuwawinda. Akanijibu: "Dola 250 kwa usiku. Ukipiga zaidi ya mmoja, unaongeza 50 kwa kila kichwa."

Nilirudi kwenye pikapu nikakaa bila kuwasha injini. Dola 250 za usiku mmoja sina, na hilo nimelizoea. Kilichoniuma ni kwamba mtu yule alikuwa analia kilio cha kweli, kwa hasara ya kweli, na papo hapo alikuwa ameshampangia bei adui yake.

Ardhi ni yake, sibishi. Anailipia kodi, na bei ya mali hupanga mwenye mali. Lakini tuambizane ukweli. Tangu Septemba 1, 2019, Texas haimdai mtu leseni ya kuwinda nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi. Ruhusa ya mwenyewe inatosha, mchana au usiku, mwaka mzima. Jimbo lilifika hapo kwa sababu limezidiwa. Ila zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi. Sasa kufutwa kwa leseni kunamfaa nini mfanyakazi wa ghala mwenye bunduki moja na siku moja ya mapumziko, ikiwa kila geti lina bei yake?

Nguruwe akishaanza kuingiza pesa, ameshapata mlinzi. Mwenye shamba anayeuza usiku anataka mteja amwone nguruwe, maana asiyemwona harudi. Kwa hiyo anaweka pipa linalomwaga mahindi kwa saa maalumu, mwaka mzima, na majike wanaoshiba wanazaa na kulea. Jike huanza kubeba mimba kabla hajatimiza mwaka, na uzao mmoja ni watoto watano, sita, pengine zaidi. Wataalamu wa Texas wanakadiria kwamba lazima theluthi mbili hivi ya nguruwe waondolewe kila mwaka ili idadi isimame palepale. Isimame tu, bado haijapungua! Mteja wa usiku mmoja hana habari na hesabu hiyo. Anamtafuta dume mwenye meno marefu apige naye picha, kisha majike wote wanarudi kichakani na mimba zao. Asubuhi mwenye shamba anahesabu noti, jirani yake anahesabu mashimo.

Tennessee walishalipia somo hili. Mwaka 1999 waliruhusu uwindaji wa nguruwe jimbo zima bila kikomo, wakitumaini wawindaji watawamaliza. Katika miaka hiyo ndipo nguruwe walipoenea kuliko wakati wowote, kwa sababu watu waliwapakia kwenye matrela wakaenda kuwaachia kwenye misitu isiyokuwa nao, ili wapate pa kuwinda karibu na kwao. Mwaka 2011 jimbo likafuta uwindaji huo wa kujifurahisha. Kansas ilikuwa imeshaupiga marufuku tangu 2006. Waliofanya uovu ule ni wawindaji wenzetu, na mkulima anayetufungia geti kwa kukumbuka hayo namwelewa kabisa. Nisiyemwelewa ni yule anayelifungua kwa risiti.

Mnaoniuliza mtaanzia wapi na mfuko mdogo: ardhi ya umma ipo. Leseni ya mkazi ni dola 25, kibali cha mwaka cha uwindaji wa umma ni dola 48, na kwa hizo 73 unapata maeneo yanayokaribia ekari milioni moja. Kijitabu cha ramani kisome mstari kwa mstari, maana maeneo mengi yanaruhusu nguruwe kwa tarehe fulani tu. Nimewinda huko misimu mitatu. Watu ni wengi, na nguruwe wa huko wanaujua mlio wa mlango wa gari.

Kilichonifaa zaidi ni kubisha hodi. Majira ya baridi mwaka juzi nilibisha nyumba 19, nikakataliwa 16. Nenda mchana. Vaa nguo za kawaida, bunduki iache nyumbani. Beba karatasi yenye jina lako, namba ya simu na namba ya gari, umwachie hata akikataa. Ukiona mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo, usikanyage; kisheria hapa Texas ni sawa na kibao cha kukataza kuingia. Wengine hukataa kwa kuogopa kushtakiwa ukiumia. Sura ya 75 ya sheria ya kesi za madai ya Texas inamkinga sana mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuingia bila kuwatoza. Nakala yake natembea nayo.

Nyumba ya kumi na saba ilikuwa ya mama mjane mwenye ekari 60 kando ya kijito. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa nyuma ya wavu wa mlango.

"Hapana, mwanangu. Ukimpiga mmoja, waliobaki hawatausogelea mtego wangu tena."

Alisema kweli. Mtego mkubwa wa zizi hukamata kundi zima kwa mkupuo, majike na watoto, na risasi moja ya pupa inawafundisha wote kukimbia. Hakuna bunduki inayoshindana na mtego huo, nasema hivi nikiwa mwindaji. Nikamwuliza, "Mama, chambo nani anatia?"

Akanyamaza kidogo. "Mimi mwenyewe. Na goti hili."

Kwa wiki sita nilibeba mahindi na kukagua kamera yake, bila bunduki, kila nitokapo kazini. Usiku mlango wa mtego ulipoanguka, waliingia kumi na wanne. Waliobaki nje ndio alionikabidhi mimi, pamoja na ufunguo wa geti. Sijamlipa hata senti. Majirani zake wawili wamenipigia simu wenyewe, kwa sababu aliwaambia kanisani kwamba geti nalifunga na majike nawapiga kwanza.

(Mkichuna, vaeni glavu. Brusela, ugonjwa wa bakteria ambao nguruwe hawa huwaambukiza watu, huingia kwa mchubuko mdogo tu. Na nyama iiveni mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi.)

Jumatatu nilimwandikia barua yule bwana wa dola 250. Nimemwambia nitakuja kila Jumanne na Ijumaa usiku mpaka mahindi yapite magoti, nitakaza seng'enge ya upande wa mto, na pipa lake la chambo tuligeuze liwe la mtego. Sura ya 75 nimeiambatanisha. Hajajibu bado. Mvua ikikatika atapanda mara ya tatu, nami nitapita tena, mchana, nimwulize.