Lozi ya Mshenga

Jino langu la mbele, la juu kulia, lina historia. Lile la asili lilikutana na kiwiko cha beki wa shule jirani. Daktari wa wakati ule akaua mshipa, akasaga kilichosalia kikabaki kisiki, kisha akakivika kofia: chuma ndani, kauri nyeupe nje. Miaka mingi nimecheka nalo, nimepigia picha ya pasipoti, nimemenyea miwa.

Mwaka jana likaanza vituko. Mstari mweusi ukajichora kwenye ufizi kama wanja. Uzi wa kusafishia meno ukipita pale unatoka umechanika. Naamka na ladha mbaya upande uleule, nipige mswaki nisipige, na mke wangu akaanza kulala ameelekea ukutani. Nikilisukuma kwa ulimi, linaitika. Lakini haliumi, na kwetu jino lisilouma halipelekwi kwa daktari.

Ndipo mpwa wangu akapata mchumba Tanga, nami, kwa sifa ya kujua kusema, nikateuliwa mshenga.

Tukakaribishwa mkekani. Ikaja kahawa, zikaja tende, likaja sinia la halua ya Unguja, ile nyeusi inayovutika, yenye lozi. Mtu mwenye adabu hakatai halua ya wakwe. Nikamega kipande, nikauma nusu, nikavuta. Halua nayo ikavuta kwake. Ikanishinda.

Kupitisha ulimi, nakuta kisiki na upepo. Jino limebaki kwenye nusu niliyoshika mkononi. Wakati huohuo babu wa binti akakohoa: "Haya mshenga, tunakusikiliza." Macho yote kwangu. Nikaiteremsha ile halua ukingoni mwa sinia, karibu na goti langu, niichukue baadaye.

"Thithi tumetoka Dar eth Thalaam," nikaanza. "Kijana wetu ameona ua kwenye buthtani yenu..."

Nyuma ya pazia la akina mama mtu akapaliwa na kahawa. Na kijana mmoja wa pale, malezi mazuri yasiyo na wakati, akalizungusha sinia ili wageni tufikie tende.

Babu ana miwani mizito. Akachukua kipande chenye lozi. Changu.

"Thubirini babu..."

Akatafuna. Akasimama. Akahamishia upande wa pili, akajaribu tena kwa nguvu zaidi. "Lozi za siku hizi!" Akaitemea kiganjani, akaipangusa, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaitazama kauri, akanitazama mdomo, akarudi kwenye kauri.

"Mshenga," akasema taratibu, "mahari si tulikuwa hatujafika?"

Posa ilikubaliwa palepale. Nadhani walikosa pumzi za kukataa.

Njiani mpwa wangu akasimamisha gari dukani, akarudi na kichupa cha gundi ya viatu. "Mjomba, fungua mdomo." Nashukuru nilikataa, maana daktari aliposikia alishika kichwa: gundi ile inachoma ufizi, na kofia ikigandia vibaya kuitoa ni kazi.

Akaigeuza kofia yangu chini ya taa. Ndani nyeusi, na harufu iliyomfanya akaze barakoa. Ule wanja, alisema, peke yake haukuwa ugonjwa. Ufizi ulirudi juu, ukingo wa chuma ukaonekana. Uzi kuchanika na ladha mbaya ndiyo iliyokuwa kesi: gundi ya zamani imeoshwa na mate, ukingo umeachia, bakteria wameingia chini wanakula kisiki. Maumivu ningeyatoa wapi, na mshipa uliuawa? Kofia nyingi hukaa miaka 5 hadi 15. Yangu ilishastaafu, inafanya kazi kwa mkataba. Kama kisiki kingekuwa kizima na kofia bado inashika, angeirudishia ileile kwa gundi ya kazi hiyo. Picha ya eksirei ikakataa. Ikabidi asafishe uozo, ajenge kisiki, achukue vipimo, anivishe ya muda ya plastiki nikisubiri mpya.

Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeitia mdomoni. Mpwa wangu akatazama dari.

Bajeti ya harusi ilipotumwa kwenye kundi la kamati, kati ya kukodi turubai na mchele wa pilau palikuwa na mstari: "Jino la mshenga." Mjumbe mmoja akahoji kwa nini upande wa bibi harusi hauchangii, ilhali mzee wao ndiye aliyelitafuna.