Muachie gitare iseme yenyewe

Juzi ku Kamalondo, hapa Lubumbashi, kijana mumoja aliweka ku telefone Edge of Sanity, albamu ya kwanza ya Tony MacAlpine, mupiga gitare wa Amerika, ile ya 1986. Tulikuwa kati ya bantu ba gitare, hapana bantu ba kupita njia. Hata dakika mbili hazijaisha, muzee mumoja anauliza: "Sasa mwimbaji anaingia saa ngapi?" Balimujibu hakuna mwimbaji, albamu nzima iko vile, ni gitare njo inaongoza. "Basi zima, mwana yangu. Hiyo haiko muziki, iko makelele ya muntu anakimbia na bidole." Bote balicheka, kijana alizima. Na mi tangu siku ile roho inanichoma, juu siwezi kukubali maneno ya vile kutoka mu kinywa ya muntu wa Lubumbashi.

Muntu asipende metali, ile rock nzito ya gitare ya umeme, sawa, sikatazi. Lakini kusema gitare bila sauti ya muntu haiko muziki? Hapa Katanga? Mwenda Jean Bosco, mupiga gitare, mwana wa Bunkeya, Hugh Tracey, yule mwenye alirekodi miziki ya Afrika, alimurekodi mu 1952 ku Jadotville, ile tunaita leo Likasi, na wimbo wake Masanga iko na rekodi ya gitare tupu, gitare moja, kidole gumba na kidole cha pili, bese inatembea chini, melodi inajibu juu, mpaka leo bantu ba inchi za mbali banavunja bidole kuijifunza. Nani alimuuliza Mwenda mwimbaji eko wapi? Na sebene je? Mu rumba yetu, si tunangojaka sebene? Mwimbaji anaimba mapendo yake, bantu bameikala na chupa zao, maneno inaisha, solisti anaingia, na hapo njo hata mama mwenye alikuwa anachoka anasimama. Kasanda Nico tulimuita Docteur juu ya gitare. Diblo Dibala balimupa jina ya Machine Gun, na haikuwa matusi, ilikuwa sifa, sifa ya spidi! Sasa spidi ya Diblo ni utamu na spidi ya MacAlpine ni makelele, tofauti iko wapi? Munielezee pole pole, niko nasikiliza.

Tofauti yenye mi naona ni masikio. Hatujazoea zile gamu, ngazi za noti, zile za minere zenye zinatoka kwa Bach na kwa violoni ya Paganini, batungaji ba zamani ba Ulaya, basi sikio inakataa mbele ya kuonja. Na hapo njo hii albamu inapaswa kusikilizwa na bantu ba gitare kuliko bengine bote, juu MacAlpine hakuanza na gitare. Alianza na piano akiwa mutoto wa myaka mitano, ku Springfield, Massachusetts, gitare ilikuja nyuma. Unasikia ile kitu mu nyimbo mingi: kilavye, ile piano ya umeme, ni yeye, gitare ni yeye, na hizo mbili zinajibizana sawa mukono wa kuume na wa kushoto wa muntu mumoja. Wengi benye balifuata njia ya Yngwie Malmsteen, mupiga gitare wa Sweden, kisha 1984 balichukua spidi, balichukua gamu, lakini balibakia bapiga gitare benye banapanda na kushuka. Huyu anaandika. Melodi inaanza, inarudi imebadilika, bese ya Billy Sheehan inaikamata, kisha solo inatoka mu ile melodi, haianguki tu kutoka juu.

Na katikati ya metali yote ile ameweka Chopin, mutungaji wa piano wa zamani, préludi (kipande kifupi) ya 16 ya opus 28, MacAlpine peke yake ku piano. Hapana gitare, hapana batri, maana ngoma. Hiyo préludi ni moto, Chopin mwenyewe aliandika juu yake ipigwe mbio sana na kwa moto, mukono wa kuume unamwaga noti bila kupumua, wa kushoto unaruka chini yake, na kisha dakika moja na kidogo imekwisha. Ile kitabu ya mapréludi 24 ilitoka mu 1839. 1839! Myaka mia moja makumi ine na saba mbele ya hii albamu ya 1986. Kwa hiyo yule mwenye anasema spidi ni bana ba rock tu banataka kujionyesha, akae chini na ile piano kwanza, kisha arudi tuzungumuze.

Nakubali kintu kimoja, na sikikubali na furaha. Sauti ya batri imezeeka. Steve Smith, yule mwenye alipigaka mu kundi ya rock Journey, anapiga sawa kabisa, lakini ile mwangwi ya studio za wakati ule inajaza mafasi kila mahali. Na kuna pahali MacAlpine angeacha noti moja ilie peke yake, anaongeza kumi. Sawa. Bado ni albamu kubwa.

Bengine banasema eti ni muziki ya bazungu. MacAlpine ni muntu mweusi, na Chopin ni wa kila mwenye amemujifunza.

Kintu chenye kinaniuma sana ni kijana. Alizima telefone juu ya kuheshimu muzee, na heshima ni sawa, lakini kesho atapiga nini? Atapiga kile muzee anajua tayari. Nasema na bachungaji na bakubwa ba korali za komini zetu za Lubumbashi, Kenya, Katuba, Ruashi: kilavye mu kanisa inafunikwa na kitambaa Jumatatu mpaka Jumamosi. Muifunue. Muachie bana ba gitare baikae hapo mangaribi, bajifunze mukono wa kushoto na wa kuume, bajue namna akordi inajengwa, hata kama hakuna mwalimu, hata kama banakosa noti. Na wewe kijana, washa tena ile albamu, chukua melodi ya wimbo wake Wheel of Fortune, ipige pole pole mpaka kila noti iko safi, spidi utaiongeza kisha. Muzee akiuliza mwimbaji eko wapi, umupigie Masanga kwanza, halafu uendelee bila kusimama.